Mitraye: namna gani chuma cha kutupwa kinageuka sanamu

Katika miji yetu ya mashariki, kuanzia Bunia mpaka Kalemie, kupitia Butembo, Goma, Bukavu na Uvira, kuna neno moja lenye kila mtoto anajua: mitraye. Ni sheni ya pikipiki yenye imekatika, janti yenye imepindika, sufuria yenye imetoboka, kipande cha mlango wa gari. Vijana wanaokota, wanapeleka kwa mnunuzi, mnunuzi anaweka kwa mizani na kulipa kwa kilo. Kwa mizani hakuna tofauti kati ya pinyo yenye ilichongwa kwa ustadi na kipande cha chuma kisicho na umbo. Vyote ni kilo tu.

Neno lenyewe linatoka kwa Kifaransa, mitraille, na lina historia yenye wengi hawajui. Zamani lilimaanisha vipande vidogo vya chuma kikuukuu na makuta madogo madogo. Kiisha askari wa mizinga wakazoea kujaza vipande kama hivyo katika mizinga ili kuangusha watu wengi kwa mara moja, na neno likahamia kwa risasi. Ndiyo maana mitraye na mitrayete ni maneno ndugu. Chuma cha kutupwa kiligeuzwa silaha.

Leo kuna mafundi wenye wanafanya safari hiyo kwa kurudi nyuma: wanatwaa chuma cha kutupwa, mara na chuma cha vita, wanakisude na kutoa sanamu. Kazi hiyo inafanyika namna gani? Chuma gani kinakubali na gani kinakataa? Na juu ya nini kuna vyuma vyenye hatupaswi hata kugusa? Hayo ndiyo tunaeleza hapa, kwa wakaaji wote, na zaidi kwa vijana wenye wako na posti ya kusude na wanatafuta kazi ingine kuliko milango na madirisha.

Mkongomani mwenye alifungua njia

Mtu mwenye anajulikana zaidi katika kazi hii kwetu ni Freddy Tsimba. Alizaliwa Kinshasa katika mwaka 1967. Alisoma katika Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa na kumaliza katika 1989. Kiisha masomo alikwenda kujifunza kwa mafundi wahunzi, wenye wanajua moto na chuma kwa mikono.

Tsimba anatumia vitu vyenye kila mtu anavijua: vijiko, uma, funguo, sheni, mitego ya panya, mapanga, na maganda ya risasi. Kwa maganda ya risasi anajenga miili ya watu, mara nyingi miili ya wanawake, wengine wakiwa na mimba. Mtu akiangalia kwa mbali anaona mama mja mzito. Akikaribia anaona kwamba ngozi ya mama yule ni maganda matupu, moja pembeni ya lingine. Kwa sisi wa mashariki, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Kazi yake ingine yenye ilisemwa sana ni nyumba yenye kuta za mapanga 999, yenye inaonekana katika filamu Système K ya mwaka 2019, juu ya wasanii wa barabara za Kinshasa. Panga kwetu ni chombo cha shamba, na ni chombo cha kuua pia. Ukiingia ndani ya nyumba yenye kuta za mapanga, je, unalindwa ao unatishwa? Msanii anaacha kila mtu ajijibu.

Sanamu zake zilifika mbali. Moja inasimama katika mtaa wa Matonge huko Ixelles, Brussels. Ingine, yenye inaitwa Porteuse de vies, iliwekwa huko Chaillot, Paris, katika 2018, wakati Tangazo la Haki za Binadamu lilikuwa likitimiza miaka 70. Ni katika jumba hilo la Chaillot tangazo lile lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Na kuanzia 2020 mpaka 2021, jumba la makumbusho ya Afrika huko Tervuren, Ubelgiji, lilionyesha kazi zake nyingi kwa pamoja.

Juu ya nini kusude, na si kuyeyusha?

Wengi wetu tunajua mafundi wenye wanayeyusha alumini ya mitraye na kutoa sufuria. Ni kazi nzuri, inalisha familia nyingi. Lakini kiisha kuyeyusha, hakuna mtu anaweza kujua kama sufuria ile ilikuwa pistoni ao dirisha. Historia ya chuma imepotea ndani ya moto.

Fundi wa sanamu anafanya kinyume. Anaacha kijiko kibaki kijiko, sheni ibaki sheni. Resori inakuwa shingo ya ndege, lakini mtu mwenye kutengeneza pikipiki atasema mara moja: "Hii ni resori ya amortisere ya nyuma." Kazi inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: kile chuma kilikuwa, na kile kimekuwa. Kama fundi anasugua kila kitu mpaka vipande havitambulikani, ao anafunika yote na rangi nzito, amejinyima faida kubwa ya mitraye.

Inchi ya Msumbiji inatuonyesha vizuri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika huko katika 1992, lakini silaha zilibaki katika vijiji. Katika 1995, Baraza la Makanisa ya Kikristo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kupokea silaha na kutoa vifaa kwa badala: majembe, baiskeli, mashini za kushona. Silaha ziliharibiwa kwanza ili zisiweze tena kupiga, kiisha vipande vingine vikapewa wasanii. Msanii mmoja, Cristóvão Canhavato, mwenye kuitwa Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki katika 2001. Kiti hicho leo kiko katika British Museum, London. Kama bunduki zile zingeyeyushwa tu na kuwa nondo, hakuna mtu angejua leo kwamba watu wale waliamua kutoa silaha zao.

Tushike jambo moja katika mfano huo: wasanii wa Msumbiji hawakwenda kuokota silaha porini. Zilipita kwanza kwa watu wenye ujuzi wa kuziharibu. Tutarudi kwa jambo hilo.

Kujua chuma mbele ya kukisude

Mitraye ni mchanganyiko, na vyuma vyote havikubaliani. Fundi mzuri anachagua mbele ya kuwasha posti. Kuna njia tatu rahisi za kutambua chuma.

Njia ya kwanza ni sumaku, yenye unaweza kutoa ndani ya spika iliyokufa. Chuma na fonti vinashika sumaku. Alumini, shaba na leto havishiki. Inoksi ya vijiko, mara nyingi haishiki ao inashika kidogo tu.

Njia ya pili ni cheche za mashini ya kusugulia. Chuma laini kinatoa cheche ndefu, za rangi ya njano. Chuma kigumu, kama cha resori, kinatoa cheche zenye kupasuka mwishoni kama nyota ndogo. Fonti inatoa cheche fupi, nyekundu.

Njia ya tatu ni kuangalia pahali pamevunjika. Fonti ikivunjika inaonyesha chembe za kijivu, kama sukari chafu. Chuma laini kinapindika mbele ya kuvunjika.

Sasa tuone kila moja inatendewa namna gani:

Chuma laini ni nondo, kornyere, tole ya gari, mabomba ya viti. Hicho ni rafiki ya mwanafunzi. Kinasudewa bila matata na bageti ya kila siku.

Chuma kigumu ni sheni, pinyo, rulema, resori. Kinasudewa, lakini kikipoa haraka kinapasuka pembeni ya mshono. Kukitia ndani ya maji ni kukiharibu. Kikanze kidogo mbele ya kazi, na kiisha kazi kiache kipoe polepole, ao kifunike na majivu makavu.

Fonti ni diski nyingi za freni, tamburi, bloki ya mota. Inapasuka kwa urahisi, na bageti zake maalumu ni bei kali. Kwa sanamu, ni bora kuitoboa na kuifunga na bulo.

Alumini haishikani na chuma kwa kusude, hata fundi awe nani. Bulo ao riveti ndiyo njia.

Leto ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Hapa vijana wengi wanashindwa. Zinki inachemka kwenye digrii 907, na chuma kinayeyuka karibu na digrii 1500. Ni kusema, moto wa posti wenye unatosha kwa chuma unakuta zinki imekwisha kuwa moshi. Ndiyo maana leto inaunganishwa kwa moto wa gazi na waya wa leto, bila kuyeyusha chuma chenyewe.

Kutoka chini mpaka kusimama

Kiisha kuchagua, vyuma vinasafishwa. Kutu, rangi na mafuta vinaondolewa na brosi ya waya, maji na sabuni, kiisha vinakaushwa vizuri. Tuonyane hapa: kuna dawa za kusafisha freni zenye ziko na klorini. Chuma chenye kingali na dawa hiyo kikipigwa na moto wa kusude kinaweza kutoa gazi yenye kuua. Sabuni inatosha.

Kisha fundi anachora kwa chaki chini ya sakafu, kwa ukubwa wa kweli wa sanamu. Vipande vinapangwa juu ya mchoro, vinahamishwa, vinageuzwa. Mafundi wengi wanasema hapa ndipo kazi kubwa iko, hata kama hakuna cheche yenye imetoka. Kipande cha mnyororo kinaweza kuwa mkia, kiisha ukaona ni nywele.

Baadaye inakuja mifupa. Nondo ya milimita 8 ao 10 inapindwa kufuata mgongo, miguu na mikono. Uzito uangaliwe: mstari wenye unashuka kutoka katikati ya uzito wa sanamu upaswa kuangukia kati ya miguu yake. Usipofanya hivyo, ndege yako mzuri ataangukia mtoto wa mtu. Kwa kazi kubwa, miguu inasudewa juu ya sahani nzito ya chuma, ao inafungwa ndani ya beto.

Mbele ya kusude kabisa, vipande vyote vinashikwa kwa pwe ndogo ndogo tu. Fundi anarudi nyuma hatua tano, anazunguka, anaangalia. Pwe inakatwa kwa urahisi, mshono mzima haukatwi hivyo. Akisha kuridhika, anasude kidogo upande huu, kidogo upande ule, juu chuma chenye kinapata moto upande mmoja tu kinavuta na kupindika. Kwa bageti ya milimita 2,5, mafundi wanaweka karibu ampere 60 mpaka 90. Kwa kijiko chepesi wanashusha tena, na kupiga kwa muda mfupi mfupi, ama sivyo kijiko kinatoboka.

Mwisho, gamba la bageti linagongwa na kutolewa, kazi inasuguliwa na brosi, na inalindwa na vernisi ao rangi ya kuzuia kutu. Katika Goma na kando kando yake, jambo hilo si la kuahirisha. Moshi wa volkano Nyiragongo uko na gazi ya kiberiti, na mvua yenye kupita ndani yake inakuwa na asidi. Mwenyi kuwa na mabati huko anajua ginsi yanakulwa haraka. Sanamu yenye inakaa inje itapata hali ile ile.

Vyuma vyenye kuua

Hapa tunaomba kila mzazi asome kwa makini, hata kama hana fundi nyumbani.

Katika majimbo yetu, kati ya mitraye yenye watoto wanaokota, kunapatikana mara na grunadi, roketi, mabomu yenye hayakupasuka na risasi zenye hazijapigwa. Kutu kwa inje haionyeshi kwamba ndani mumekufa. Baruti inaweza kukaa miaka mingi na kubaki na nguvu, na vyombo vya kuiwasha vikizeeka vinaweza kuwa vya hatari zaidi. Hakuna kupiga teke, hakuna kubeba, hakuna kutupa ndani ya choo ao mtoni, hakuna kuweka kwa mizani. Rudi kwa njia yenye ulipitia, zuia wengine, julisha wakubwa wa pahali ao mashirika yenye kupambana na mabomu. Katika inchi yetu kazi hiyo inasimamiwa na CCLAM, kituo cha Kongo cha kupambana na mabomu ya ardhini.

Na maganda matupu je? Ganda lenye limekwisha kupigwa lina alama ya kugongwa katikati ya kitako na halina risasi mbele. Lakini alama peke yake si ushahidi: kuna risasi zenye ziligongwa na zikakataa kulipuka, na baruti ingali ndani. Na kwa kuyatafuta, mtu anaingia fasi yenye vita vilipita, pahali hatari zingine zinalala. Tena, maganda yote si leto: mengi ni chuma chenye kimepakwa rangi ao shaba nyepesi, na sumaku inayashika. Fundi mwenye anaanza hana haja nayo. Sheni na vijiko vinatosha kujifunza miaka mingi.

Kuna hatari zingine zenye zinafichama ndani ya mitraye ya kawaida:

Tanki la mafuta, hata likionekana tupu, liko na mvuke wenye unapasuka kwa cheche moja. Lisikatwe wala kusudewa bila kuondoa mvuke wote, na kwa mtu asiyejua ginsi ya kufanya, ni bora kuliacha.

Amortisere zingine ziko na gazi yenye kubanwa. Ukiipasha moto imefungwa hivyo, inaruka kama risasi.

Mabomba na mabati yenye zinki yanatoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta, jioni anapata homa, baridi na maumivu ya mwili. Wengi wanadhani ni malaria. Zinki iondolewe kwa kusugua, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na kusude kufanyike inje, fundi akisimama pahali upepo unamtoka nyuma ao pembeni.

Macho nayo. Miwani ya jua si maski ya kusude. Kioo cha kazi hii kinapaswa kuwa namba 10 ao 11. Mwanga wa posti unaunguza macho bila maumivu kwa wakati ule. Maumivu yanakuja masaa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mchanga ndani ya jicho. Viazi, maziwa ao dawa za kubahatisha havitakiwi: nenda kituo cha afya. Na watoto wenye wanasimama barabarani kuangalia cheche wanaungua sawa na fundi. Kipazia cha tole ao turubai kinawalinda.

Bei ya kazi

Kijana anaweza kuuliza: sanamu itaninunulia unga? Jibu la kweli ni kwamba haitoki haraka kama mlango, juu mlango uko na mwenyewe mbele ya kuanza. Ndiyo sababu wengi wanafanya zote mbili: milango ya kula, sanamu ya kujulisha jina. Wengine wanaziunganisha: mlango wenye jogoo wa pinyo katikati, kiti cha janti, taa ya sheni kwa hoteli, msalaba wa misumari ya zamani kwa kanisa.

Bei isikisiwe kwa kuangalia uso wa mteja. Andika: mitraye kilo ngapi, bageti ngapi, diski ngapi, kurā ao esanse ya grupu, usafiri, na masaa yako. Jumlisha. Hapo unajua chini ya bei gani unapoteza, na kile kinazidi ni cha ujuzi wako. Chukua picha za kazi mbele haijatoka, na uandike jina lako chini yake kwa bageti. Kama kazi inakwenda kusimama barabarani ao kwa rompwe, ongea kwanza na chef wa kartye na komini.

Angalieni pia chuma kinatoka wapi. Kornyere ya pilo ya umeme, kifuniko cha mfereji, waya wa SNEL ao bulo za daraja si mitraye. Mwenye kuvinunua anashiriki katika wizi, na kartye nzima inalala giza.

Kuna wakaaji wenye wanasema hawataki kuona mapanga wala risasi tena, hata katika sanamu. Wana haki. Mtu mwenye alipoteza wake hawezi kulazimishwa kuangalia. Kabla ya kuweka kazi ya namna hiyo mbele ya watu, msanii aulize kwanza wenye waliumizwa. Na wengine, kinyume chake, wanataka kitu chenye kubaki, juu makaburi mengi hayana hata jina.

Kwa mwenye anataka kuanza juma hili, tunashauri jogoo: mgongo wa nondo, mkia wa vijiko, kifua cha sheni, miguu ya bulo. Ni siku mbili tatu za kazi, na makosa yake yanakatwa bila hasara. Mafundi wenye wamekwisha kufanya kazi hii katika kartye zenu, pitieni kwa redio na kazi zenu. Tunataka wasikilizaji wazijue.